Kuandika Maisha ya Mkimbiaji: Habari za Jamaa Yake

Watu wengi wanapoandika maisha ya mkimbiaji mashuhuri hutaja baba, mama, kijiji na kabila, kisha hurukia mashindano. Habari hizo zaweza kuwa za kweli, lakini hazimfahamishi msomaji jambo kubwa. Wengine husema tu kwamba mbio zimo katika damu ya kabila lake. Usemi huo hupendeza masikioni, lakini huficha kazi ya wale waliomlea. Kwa hiyo yafaa mwandishi ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Ni nani aliyemlea? Eliud Kipchoge, aliyeshinda mbio za marathoni katika Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016 na za Tokyo mwaka 2021, alilelewa katika nchi ya Nandi na mama yake peke yake, aliyekuwa mwalimu. Basi mama huyo ndiye wa kutangulizwa katika habari, wala si orodha ndefu ya mababu.

La pili: Nyumba yao ilipata riziki kwa njia gani? Tutazame habari za mkimbiaji wa Marekani, Wilma Rudolph, aliyezaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika reli, na mama yake mtumishi wa nyumbani. Wilma alikuwa mtoto wa 20 kati ya 22. Mwandishi mwangalifu ataongeza kwamba watoto hao walitoka katika ndoa mbili za baba yao. Asipoeleza hivyo, msomaji atadhani kwamba mama mmoja aliwazaa wote.

La tatu, nalo ndilo kubwa: Jamaa walimfanyia nini? Wilma angali mtoto mdogo, ugonjwa wa polio uliudhoofisha mguu wake wa kushoto. Kila juma mama yake alisafiri naye kwa basi mpaka Nashville, kama maili 50, ili atibiwe. Na nyumbani ndugu zake walipokezana kuukanda mguu huo. Mwaka 1960, mjini Roma, alipata medali 3 za dhahabu. Msomaji akielezwa hayo hatadhani kwamba alizipata kwa nguvu zake peke yake.

Ugomvi na madeni ya nyumbani yasiyohusu michezo yaachwe. Hayo ni siri ya wenyewe.

Sasa, msomaji, mchague mkimbiaji wa kijijini kwako, uwaulize wazazi wake kwa adabu maswali haya matatu, kisha uandike sentensi tano tu.