Kupigilia Mbao kwenye Jahazi la Mfano: Mwongozo kwa Mafundi wa Masasi na Newala

Jahazi la mfano hufaulu au huharibika kabla ya ubao wake wa kwanza kupigiliwa. Mbao za ubavuni hufuata kiunzi. Kiunzi kikipinda, mbao hupinda nacho, na hakuna msasa wala rangi ya kulificha kosa hilo. Kanuni hii ina uzito wa pekee kwa mafundi wa Chidya, wilayani Masasi, na vijiji vya uwanda wa Makonde, ambao ustadi wao mkuu ni uchongaji. Mchongaji hulitoa umbo ndani ya gogo moja kwa kupunguza. Mwili wa jahazi huundwa kwa kuunganisha vipande vingi, kila kimoja kikitegemea usahihi wa kilichotangulia. Mchongaji anayeingia katika kazi hii huja na mkono uliozoea tezo na patasi, lakini hana budi kuongeza nidhamu ya kipimo.

Kiunzi cha mfano kina mkuku (uti wa chini), fashini (nguzo za ncha) za omo (mbele) na tezi (nyuma), na mataruma (mbavu). Kwa desturi ya kale, mafundi wa Pwani walipandisha mbao kwanza, kisha wakaingiza mataruma ndani. Ndivyo ulivyoundwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Katika mfano mdogo mbao ni nyembamba mno kusimama zenyewe, hivyo ni rahisi zaidi mataruma yatangulie. Uwiano wa mfano na jahazi halisi ukishachaguliwa, huamua vipimo vyote. Kwa uwiano wa 1 kwa 20, jahazi la mita 15 huwa na urefu wa sentimita 75, na ubao wa upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4 huwa wa milimita 10 kwa milimita 2.

Mataruma yakishagandishwa kwa gundi juu ya mkuku, hukaguliwa kwa ufito mwembamba unaopindika kwa urahisi. Ufito huo hulazwa kutoka omo hadi tezi, katika vimo mbalimbali, na unapaswa kukalia ukingo wa kila taruma kwa upana wake wote. Penye mwanya, taruma limepunguzwa mno na huongezwa kibanzi. Ufito ukibinuka, taruma limezidi na hupigwa tupa. Mataruma ya karibu na omo na tezi huchongwa kingo zake kwa mshazari, kwa sababu ubao hufika hapo kwa pembe na ukingo wa mraba ungeugusa kwa ncha tu. Pembezoni mwa mkuku huchimbwa mfuo wa kupokea ubao wa chini. Ukaguzi huu usiharakishwe.

Katika uchaguzi wa miti, mpingo haufai kwa mbao za ubavuni. Ni mgumu, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ubao wake mwembamba huvunjika upesi unapolazimishwa kupinda. Nafasi yake bora ni kitako cha kuwekea jahazi na mapambo. Kwa ubavu, mninga au msaji wenye nyuzi zilizonyooka hupasuliwa na kurandwa vizuri. Ubao wenye fundo hutengwa. Mbao hukaushwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ubao uliopigiliwa ukiwa mbichi husinyaa na kuacha mwanya, na kazi iliyokamilishwa Newala wakati wa kiangazi huvimba kiasi ikifika kwenye hewa nyevu ya Mtwara. Kwa hiyo kazi ya kuuzwa pwani ipakwe vanishi ndani na nje.

Kugawa mbao ndiko kunakomtenganisha fundi na mbahatishaji. Ukanda wa karatasi hulazwa juu ya taruma la katikati, kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu, na urefu wake hupimwa. Ukiwa milimita 120, upande huo utahitaji mbao 12 za milimita 10. Kipimo hicho hicho hurudiwa kwenye kila taruma. Taruma la omo likiwa na milimita 72, kila ubao utapunguzwa hadi milimita 6 mahali hapo. Alama hutiwa kwa penseli kwenye mataruma yote kabla ya msumeno kushikwa. Ubao usipunguzwe chini ya nusu ya upana wake, kwani ncha nyembamba hupasuka na haishiki gundi. Omo ikiwa na milimita 48 tu, mbao 12 zingebaki na milimita 4 kila mmoja. Hapo baadhi ya mbao hukomeshwa kabla ya kufika fashini, na zinazoendelea hujaza nafasi. Tezi ikiwa pana kuliko katikati, kipande cha kujazia chenye umbo la kabari huongezwa.

Mbao hupigiliwa kwa zamu: mmoja kulia, mwenzake kushoto. Upande mmoja ukikamilishwa kwanza, mvuto wa mbao na gundi huupinda mkuku. Kazi huanza ukingoni juu na mkukuni chini, na ubao wa kufungia hupimwa kwa nafasi halisi iliyobaki. Ubao wa omo hulowekwa, hupitishwa kwenye mvuke wa sufuria, hubanwa kwenye umbo lake na kuachwa ukauke. Ndipo hutiwa gundi. Ubao unaolazimishwa kwa nguvu ya gundi peke yake utafumuka. Maungio ya ncha huangukia juu ya taruma, na maungio ya mbao jirani yasikae kwenye taruma moja, kwa kuwa mstari wa maungio ni mstari wa udhaifu. Mianya midogo huzibwa kwa unga wa mti ule ule uliochanganywa na gundi, kisha msasa hupitishwa kufuata nyuzi.

Uadilifu wa kazi huanzia msituni. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, mazao ya misitu huvunwa kwa kibali na kusafirishwa kwa hati. Fundi anayenunua mbao adai na kutunza nakala za nyaraka hizo. Katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, mpingo uko katika Kiambatisho cha II tangu Januari 2017, na mninga na mkongo wa Afrika iliongezwa kufuatia mkutano wa Panama wa Novemba 2022. Anayetarajia wateja wa nje aulize masharti kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kabla ya kupokea oda. Aidha, mti mwingine kupakwa rangi nyeusi na kuuzwa kwa jina la mpingo ni udanganyifu, na unaharibu jina la wachongaji wote.

Fundi ana haki pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi za sanaa, na picha za hatua za kazi zenye tarehe ni ushahidi muhimu mgogoro unapotokea. Mwanagenzi aliyepigilia mbao atambuliwe na alipwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, na apewe barakoa, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuumiza njia ya hewa. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kisheria kuajiriwa.

Bei ihesabu saa za kukagua na kugawa sawasawa na saa za kupigilia. Fundi anayeacha saa hizo nje ya hesabu atashawishika kuziruka katika kazi inayofuata, na mteja atapokea kiunzi kibovu kilichofunikwa kwa mbao nzuri. Anayezihesabu, akazieleza kwa mteja na kumwonyesha picha za kiunzi kikiwa wazi, ana haki ya kudai bei kamili na kuandika jina lake chini ya mkuku.