Somo Letu: Gari Uliyoinunua Jana, Itakuchukua Miaka Mingapi?

Ndugu Wanachama,

Safari hii twaomba tuache kidogo habari za mbolea na majamvi ya kuanikia, tuzungumze juu ya jambo lililokwisha ingia katika nyumba nyingi za wakulima wa karafuu, nalo ni gari ya kuendea kazini. Kila upitapo msimu mzuri wapo wenzetu wanaochukua fedha ya karafuu wakanunua gari ndogo. Si vibaya. Mtu akaaye Wete na kufanya kazi Chake Chake ahitaji chombo cha kumfikisha kwa wakati, na usiku wa ugonjwa gari hiyo hiyo ndiyo imchukuayo mzazi hospitali. Lakini fedha ya karafuu haiji kila mwaka kwa kipimo kimoja. Mkarafuu huzaa sana mwaka huu, ukapumzika mwaka ujao. Na gari haijui kwamba mikarafuu imepumzika.

Tumeandika somo hili kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tulieleze bila kumtaja jina, alinunua gari iliyong'aa kama sahani mpya. Saa yake ya kilomita ilionyesha 62,000. Mwezi wa kwanza aliisifu kila baraza aliyokaa. Mwezi wa tano ilichemsha juu ya kilima, injini ikafa. Mwezi wa sita alikuwa amekwisha kodisha mikarafuu yake kwa msimu mzima, karafuu zingali changa mtini, ili apate fedha ya kununulia injini nyingine. Msimu ule ulikuja mwema. Akasimama kando ya shamba lake akiwatazama watu wengine wakichuma na kuanika karafuu ambazo zingekuwa zake.

Hapo tulifahamu kwamba kuihukumu gari si kazi ya mafundi peke yao. Ni kazi ya mkulima vile vile, na hukumu yenyewe haimaliziki siku ya kununua.

1. Tia mkono chini ya gunia

Sote twajua jinsi karafuu inavyokaguliwa. Mkaguzi hatosheki na zilizo mdomoni mwa gunia. Hutia mkono mpaka chini, akazitoa chache, akazivunja asikie kama zimekauka. Gari nayo yataka kukaguliwa hivyo hivyo.

Gari nyingi tuzinunuazo ni mpya kwetu tu, si mpya za kiwandani. Aghalabu hutoka Japani, ambako watu hupita kushoto na usukani hukaa kulia kama kwetu. Huko gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, na mwenyewe hulipa. Kwa kuukimbia mzigo huo wengi huziuza gari zao zingali nzima. Hii ni faida kwetu, ila haina maana kwamba kila gari itokayo huko ni nzima.

Nyingi hupitia mnadani, na kila gari iliyo mnadani huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Humo mna kilomita ilizokwenda, daraja la hali yake, na mchoro wa bodi wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja lenye herufi R kwa kawaida ni gari iliyopata kugongwa ikatengenezwa. Mwulize muuzaji karatasi hiyo, kisha ulinganishe namba ya chesisi iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye gari yenyewe. Hata kama umekwisha nunua, iulize. Kujua maradhi ya zamani husaidia kutibu ya sasa.

Karatasi isipopatikana, gari yenyewe husema. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari ya yule mwenzetu tuliikagua baadaye, tukaona mpira wa breki umelika mpaka chuma kinaonekana. Kilomita 62,000 hazili mpira namna ile. Tazama na tairi: ubavuni mna tarakimu nne za mwisho, kama 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno marefu na huku mpira wake umezeeka.

Kisha inama utazame chini. Upande wa kaskazini wa Japani kuna theluji nyingi, na njia humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula chuma. Gari iliyoanza kuliwa huko, ikija kukaa kwenye pepo zetu za bahari, huendelea kuliwa.

2. Maji na oili

Nenda kuikagua gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha washwa kabla hujafika, rudi siku nyingine, kwani injini yenye moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo.

Kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi yaonyesha imetumika, hiyo hubadilishwa. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha kwamba maji yameingia ndani, na huenda gasketi ya silinda imekwisha. Pili, fungua kifuniko cha rejeta, na hili lisifanywe kabisa injini ikiwa moto, maana maji yataruka yakuunguze uso. Maji yenye rangi ya kutu maana yake ni kwamba gari imenyweshwa maji matupu muda mrefu badala ya maji ya dawa yanayozuia kutu. Tatu, washa injini mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Tena uliza kama thamostati ipo. Hiki ni kizibo kidogo kizuiacho maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha, kiasi cha digrii 82 hadi 88. Wapo mafundi wanaokitoa ili gari isichemshe. Kukitoa hakuondoi sababu ya kuchemsha, kwaificha tu. Injini hubaki baridi kwenye tambarare, ikala petroli zaidi na kulika upesi, na siku ya kilima kirefu ugonjwa hurudi.

3. Jina jema halitoshi

Wengi huuliza, "Ni gari gani idumuyo?" Swali hili lina maana, lakini ni nusu ya swali. Chukueni mfano wa injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ya sentimita za ujazo 1,500, iliyotiwa katika baadhi ya gari za IST, Vitz na Probox. Huendeshwa kwa cheni, si kwa mkanda. Injini za mkanda hazina budi kubadilishwa mkanda huo kwa wakati wake, nyingine kila kilomita 100,000 hivi, na katika injini nyingi ukikatika njiani huharibu vitu vingi. Injini ya cheni haina deni hilo. Hata hivyo cheni nayo yaishi kwa oili, na mwenye gari asipobadilisha oili, jina la kiwanda halitamsaidia. Mbegu njema ni mwanzo mwema, lakini mche usiopaliliwa hufa.

Kwetu Pemba kuna jambo jingine la kuhesabu, nalo ni spea. Kipande kisichopatikana Chake Chake chatakiwa kiagizwe Unguja au Dar es Salaam, nawe ungoje chombo. Gari ambayo haiharibiki mara nyingi, lakini kila ikiharibika hukaa wiki tatu, si gari ya kuendea kazini. Kabla ya kununua, mwendee fundi wako umwulize kama vipande vya gari ile hupatikana hapa kisiwani, na kama amepata kuifungua injini ya namna hiyo.

4. Daftari ya mwaka wa kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ukaguzi wote tuliousema hutoa dhana tu. Ushahidi ni daftari. Nunua daftari ndogo ya shule, uiweke ndani ya gari, na uandike: tarehe, kilomita, lita za petroli, oili uliyoongeza, maji uliyoongeza, kilichotengenezwa na bei yake, na siku ambazo gari ilisimama.

Tufanye hesabu. Wete hadi Chake Chake ni yapata kilomita 30. Kwenda na kurudi ni 60, na kwa siku tano za kazi ni 300. Kwa mwendo huo kilomita 5,000 hutimia baada ya wiki 17 hivi. Basi mwenye kubadilisha oili kila kilomita 5,000 atabadilisha mara tatu kwa mwaka, na ajue mapema miezi yenyewe ni ipi.

Petroli hupimwa hivi: jaza tangi pomoni, enda safari zako, kisha ujaze pomoni tena. Tuseme umekwenda kilomita 300 na tangi limepokea lita 20. Gari yako hwenda kilomita 15 kwa lita. Ukiona miezi mitatu baadaye, kwa njia ile ile na mzigo ule ule, imeshuka mpaka 12, kuna jambo, hata kama hujasikia kelele yoyote.

Na sasa sikilizeni vyema. Kinachoihukumu gari si ubaya mmoja, ni mwendo wa ubaya. Tuseme kuna gari mbili. Ya kwanza katika mwaka ilitaka betri, tairi mbili na bearingi; fedha nyingi zilitoka, lakini kila kitu kilitengenezwa mara moja na hakikurudi. Ya pili haikutaka kitu kikubwa, ila iliongezwa maji nusu lita kwa mwezi, halafu nusu lita kwa wiki, halafu lita nzima. Mtu asiye na daftari ataisifu ya pili na kuilaani ya kwanza. Mwenye daftari ataona kwamba ya kwanza ililipishwa madeni ya mwenyewe wa zamani, na sasa imepona. Ya pili ni mgonjwa anayezidiwa.

Kwa hiyo msiitolee gari hukumu katika miezi mitatu ya mwanzo. Linganisheni miezi sita ya kwanza na sita ya pili. Matengenezo yakipungua, mmepata chombo. Yakirudi yale yale, au yakiongezeka, tafuteni sababu mara moja, gari ingali inakwenda.

5. Fungu la gari na fungu la shamba

La mwisho ni fedha. Ukiwa na mafungu kumi ya kununulia gari, nunua kwa manane, mawili yaweke. Fedha hiyo ndiyo ya oili zote, maji ya dawa, breki na tairi za mwaka wa kwanza. Ambaye hana fungu hilo, anunue gari ya bei ndogo zaidi au angoje msimu mwingine.

Na ikifika siku fundi akataka fedha inayozidi nusu ya thamani ya gari, na daftari yasema maji na oili vimekuwa vikipungua kila mwezi, iuze kama ilivyo na umweleze mnunuzi ukweli. Gari huzeeka kila siku iendayo. Mkarafuu aliupanda babu, na mjukuu aweza kuuchuma. Si busara kuutoa wa pili ili kuiponya ya kwanza.

Yule mwenzetu sasa ana daftari. Juzi alituletea ofisini tuitazame, tukaona katika safu ya maji hapana alama tangu injini mpya ilipofungwa. Tukamwuliza kama zamani hakuona dalili yoyote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Niliziona. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nikitia maji kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nilidhani ndivyo gari zilivyo." Laiti angaliandika Ijumaa zile nne tu, angalijua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini injini ikaguliwe ikiwa baridi?
2. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha nini?
3. Tairi iliyoandikwa 4118 ilitengenezwa wiki gani, ya mwaka gani?
4. Wewe huenda kilomita ngapi kwa wiki? Kilomita 5,000 zitatimia baada ya wiki ngapi?
5. Gari yako imekula maji kiasi gani mwezi uliopita? Ikiwa hujui, anza daftari leo.

Mwanachama atakayependa kuonyeshwa namna ya kupiga mistari ya daftari na aje ofisini siku yoyote ya kazi. Aje na gari yake, ikiwa baridi.

Wasalaam,

Katibu