Sauti inayojibu simu ya biro

Tunapiga simu biro ya kooperative juu ya kujua beyi ya kakao, na wafanyakazi wote wanaongea. Hapo santrali, kile kisanduku kinachogawa simu za biro, inaweza kupeleka simu yetu kwa mashine ya tangazo. Mashine inajibu sawa mtu, inatoa sauti iliyorekodiwa, kisha santrali inatuweka tungoje ao inakata.

Kuna namna mbili za kuipanga. Ya kwanza, kila mtu anasikia tangu mwanzo. Ya pili, tangazo linazunguka bila kusimama: wengi wanasikiliza pamoja, lakini unaweza kuingia katikati, usikie hesabu tu, usijue ni ya kakao ao ya kahawa. Kwa beyi, sisi tunachagua ya kwanza. Tarehe itangulie, maana ukisikia beyi ya juma lililopita, mnunuzi wa barabarani anakupunja mchana kweupe.

Na umeme ukikatika? Mashine zingine zinasahau tangazo. Basi umeme ukirudi, mtu wa biro apige ile namba mwenyewe, asikilize mpaka mwisho.