Kwa Nini Hakuna Kidonge cha Uzazi wa Mpango cha Wanaume?

Kabla ya kukariri orodha ya njia za kisasa za uzazi wa mpango, hesabu zinazotumiwa na mwanamume. Utapata mbili tu: kondomu na kufunga mirija. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 wanawake milioni 164 walihitaji kuzuia mimba lakini hawakuwa na njia. Ndiyo maana utafiti unaendelea.

Kidonge cha wanawake kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Kilijaribiwa Puerto Rico kuanzia 1956, kwa dozi kubwa kuliko za leo, na wanawake hawakuelezwa vya kutosha kwamba dawa bado inajaribiwa. Leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa.

Sasa tuje kwenye biolojia, ambapo wanafunzi wengi huteleza. Homoni za kidonge huifanya tezi ya pituitari ipunguze FSH na LH, hivyo yai halipevuki. Ni yai moja kwa mwezi. Korodani hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku, na mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Kwa hiyo dawa ikianza leo, mbegu za zamani bado zipo. Tena, ukizuia LH unapunguza testosteroni, na mwanamume hupoteza nguvu na hamu. Lazima arudishiwe testosteroni kutoka nje.

Sindano ya aina hiyo ilijaribiwa kwa wanaume wapatao 320, kila baada ya wiki 8. Ilizuia mimba vizuri, lakini mwaka 2011 ilisitishwa kwa sababu ya madhara, yakiwemo mabadiliko ya hisia. Utauliza: mbona wanawake huvumilia madhara kama hayo? Wataalamu hujibu kwamba mwanamke hulinganisha madhara ya dawa na hatari za mimba mwilini mwake, na mwanamume hana hatari hizo. Jibu linaeleweka, ila mimi haliniridhishi. Mimba ina wenyewe wawili.

Kwa sasa inajaribiwa jeli ya kupaka mabegani. Ikifaulu, usiichanganye na kondomu: jeli haizuii VVU.

Jipime: Eleza kwa nini mwanamume aliyeanza leo dawa ya kuzuia utengenezaji wa mbegu anaweza kumpa mwenzake mimba wiki ijayo. (Alama 4)