Mke Bila Cheti: Mafunzo Niliyopata Katika Mirathi ya Shemeji

Dada yangu alifiwa na mumewe Dodoma. Mahari ilitolewa, wazee wakaridhia, watoto wakazaliwa, ila cheti cha ndoa hakikuwahi kuchukuliwa. Arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wakaanza kumwita hawara na kusema watoto ni wa nje. Niliongozana naye Mahakama ya Mwanzo mpaka shauri likaisha. Haya nawaandikia wajane waliosimama pale aliposimama yeye.

1. Vita huanzia kwenye kikao cha ukoo.
Sheria haikulazimishi kuwa na muhtasari wa kikao, lakini kwa mazoea mahakama nyingi huuomba pale mtu anapokwenda kuomba usimamizi wa mirathi. Asiyetajwa humo huanza safari akiwa nyuma. Dada alihudhuria. Alipoona jina lake na majina ya watoto hayamo, akakataa kusaini. Baadaye hakimu aliuliza kwa nini saini ya mama mwenye nyumba haipo, na swali hilo lilifungua mengi. Kama maombi yameshapelekwa bila wewe kujua, tangazo lake hubandikwa. Liwahi, uweke pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa.

2. Kukosa cheti si kukosa ndoa.
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa ndoa iliyofuata masharti mengine haibatiliki kwa kutosajiliwa tu. Kifungu cha 160 kinaongeza kuwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Upande wa pili ukionyesha kuwa marehemu alikuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, dhana hiyo huanguka. Hata hapo, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto.

3. Mtafute mshenga.
Hili ndilo lililotuokoa. Mshenga wetu, mzee wa watu, alikuwa ameweka kwenye sanduku la nguo daftari la shule lililokunjwa mara mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa na hesabu ya mahari: ng'ombe waliotolewa, ng'ombe waliobaki, mbuzi, shuka la bibi. Chini yake sahihi za pande zote mbili, na dole gumba la wino wa zambarau la mzee asiyejua kuandika. Miongoni mwa sahihi hizo ilikuwamo ya ndugu wa marehemu yule yule aliyesimama mahakamani kusema hajui ndoa yoyote. Akaonyeshwa. Akakiri kuwa ni yake.

Mshenga mwenyewe alikuja kutoa ushahidi, kwa sababu karatasi bila mtu wa kuielezea huyumba mbele ya maswali. Jirani na mjumbe wa shina wakasema walivyowafahamu wawili wale. Ushahidi wa namna hii hufa pamoja na wazee, kwa hiyo usingoje.

4. Watoto wana ushahidi wao.
Usiache hatima yao ining'inie kwenye ndoa ya mama peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu uzazi kuthibitishwa kwa jina la baba kwenye rejista ya vizazi, kwa sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kwa kumtambua mtoto hadharani, au kwa vipimo vya vinasaba. Sisi tulipeleka vyeti vya kuzaliwa na fomu ya kazini ambako marehemu aliwaandika wategemezi wake kwa mkono wake.

5. Jua ni sheria ipi itatumika.
Mirathi ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali hazifanani. Katika ile ya Kiislamu, mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, ingawa baba anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali. Ndiyo maana ushahidi wa ndoa huwa na uzito mkubwa zaidi huko.

6. Kutambuliwa si kugawiwa.
Dada aliteuliwa msimamizi pamoja na mdogo wa marehemu. Msimamizi si mmiliki: ana miezi 4 ya kuorodhesha mali na madeni, kugawa, kisha kurudisha hesabu mahakamani. Nyumba ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake.