Istilahi za Jeni na Protini katika Huduma ya Afya: Mfano wa Jeni ya STC1 Turkana

Utangulizi
Istilahi ya kisayansi inapoingia katika chumba cha daktari huacha kuwa suala la kamusi pekee. Makala hii inaifafanua hoja hiyo kwa kurejelea utafiti wa jeni miongoni mwa Waturkana wa kaskazini magharibi mwa Kenya.

Usuli
Mnamo Septemba 2025, Julien Ayroles, Amanda Lea na wenzao, wakiwemo watafiti wa Kenya, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walichunguza jenomu kamili za watu 367, wakabaini sehemu 8 zilizoathiriwa na uteuzi wa mazingira. Iliyodhihirika zaidi ni ile yenye jeni ya STC1. Jeni hii hubeba maagizo ya kuunda protini ambayo hapo awali ilitambuliwa katika samaki. Ndani ya figo, jeni hiyo huitikia homoni inayohifadhi maji mwilini; aidha, inakisiwa kuwa huzikinga figo dhidi ya taka zitokanazo na mlo wa nyama, maziwa na damu.

Tatizo la Istilahi
Shuleni, protini ni kundi la chakula: nyama, maharagwe, mayai. Mfugaji wa Kakuma akiambiwa kuwa ana "protini inayolinda figo", huenda akaelewa kwamba nyama aliyoila ndiyo kinga. Ilhali protini inayokusudiwa huundwa na mwili wenyewe, na huusaidia kuubeba mzigo wa mlo huohuo. Istilahi moja, basi, yaweza kuugeuza ushauri.

"Chembe za urithi" nayo ina utata wake. Mali hurithiwa mzazi anapofariki. Jeni hupatikana mimba inapotungwa.

Athari kwa Tiba
Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Waturkana wa mijini walikuwa na viashiria duni vya afya ya moyo wakilinganishwa na wafugaji. Watafiti wanahoji kuwa sifa iliyofaa jangwani yaweza kudhuru mjini. Kwa hiyo, kabla ya kuwazia dawa, manufaa yaliyo karibu zaidi ni ushauri kwa mfugaji aliyehamia Lodwar. Na ushauri ni lugha.

Hitimisho
Inapendekezwa kutofautisha "protini ya mwili" na "protini ya chakula", na kuzijaribu istilahi hizo kwa wasikilizaji wa Lodwar na Kakuma kabla ya kuzichapisha. Kwa Mturkana, maelezo yaanze kwa Kiturkana. Kiswahili kiwe daraja, hasa Kakuma, ambako kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 imekutanisha wakimbizi wa mataifa mengi. Mgonjwa asiyeelewa alichoambiwa hawezi kusemwa kuwa ameridhia.