Kwa Nini Dawa Nyingine Huandikwa Daftarini

Mkazi wa Idodi anayefuata fenobabitoni ya mtoto mwenye kifafa, au mofini ya mzazi mwenye maumivu ya saratani, huombwa cheti cha daktari, na jina la mgonjwa huandikwa daftarini. Wapo wanaoudhani utaratibu huu kuwa ni kutoaminiwa. Sivyo, daftari hilo humlinda mgonjwa.

Dawa hizo huitwa dawa tiba zenye asili ya kulevya. Miongoni mwake zimo pia pethidini na diazepamu. Zikitumiwa ipasavyo, hutuliza maumivu na kuzuia degedege. Zikitumiwa kiholela, huleta uraibu, na zikizidi kipimo huweza kusimamisha pumzi.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, haizuii tiba. Inazuia dawa kutoka katika mikono ya watabibu na kuangukia kwa wasiostahili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hutoa vibali vya kuziingiza nchini, na daftari la kituo huonesha kiasi kilichopokelewa, aliyepewa na salio. Pasipo maandishi, dawa huweza kuibwa bila kujulikana, na mgonjwa wa kweli akaikosa.

Duka la dawa muhimu la kijijini huuza dawa za orodha maalumu tu. Mofini na pethidini hazimo. Kwa hiyo muuzaji anayekataa kuzitoa anatimiza sheria.

Mambo ya kuzingatia:

1. Cheti kiwe na jina la mgonjwa, tarehe, jina la dawa, kipimo, idadi na sahihi ya mtabibu.

2. Mwenye kifafa arudi kituoni kabla dawa hazijaisha, hasa wakati wa mvua ambapo njia huharibika. Kuacha fenobabitoni ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo.

3. Dawa ya mgonjwa mmoja asigawiwe mwingine, hata kama dalili zao zinafanana.

4. Dawa zilizobaki baada ya mgonjwa kupona au kufariki zirudishwe kituoni.

Mwenye maumivu makali asinyamaze kwa kuihofu sheria. Amweleze mtabibu, na iwapo dawa haipo kituoni, aombe rufaa ya kwenda hospitali.